Akiba ya preavisi: ubaki au utoke riba ikibadilika

Karatasi inabandikwa karibu na gishe, au SMS inaingia jioni: kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, akiba ya preavisi, ile unayotoa kwa taarifa ya mapema, italipa riba ya 3 kwa mia badala ya 5. Kuna anayekasirika, kesho yake asubuhi anafika banki kutoa kila kitu, na ndipo anapokumbushwa kwamba lazima angoje siku 90. Kuna anayesema "acha tu", na makuta yake yanalala miaka miwili bila kuzaa. Hesabu ya kujua nani kati yao amekosea haizidi nusu saa. Unahitaji kalamu, kalkuleta ya simu, na ile kontrati uliyosaini siku ya kufungua akaunti bila kuisoma.

Tukumbushane kwanza mkataba wenyewe. Unaweka makuta, banki inakulipa riba kubwa kuliko ya buku la akiba la kawaida, nawe unakubali kutoyagusa kabla ya kutoa taarifa: siku 30, 60 au 90. Kwenye DAT, yaani depo ya muda, kiwango cha riba kimefungwa mpaka siku ya mwisho, kiwe kizuri au kibaya. Kwenye preavisi kiwango kinaelea. Banki inaweza kukishusha kwa tangazo la siku chache, lakini wewe mlango wako unafunguka baada ya miezi mitatu. Ugumu wote wa akaunti hii umo katika pengo hilo.

Hapa Lubumbashi jina haliko moja. Banki moja itaiita akiba ya preavisi. Nyingine inakuuzia akiba ya kawaida yenye kifungu kinachosema kwamba kutoa zaidi ya kiasi fulani kunahitaji taarifa. Nyingine inakupa DAT inayoweza kuvunjwa kwa preavisi. Usifuate jina lililo kwenye karatasi ya matangazo. Fuata kifungu.

Mambo ya kutafuta kwenye kontrati

La kwanza ni namna banki inavyokutangazia mabadiliko ya riba na siku ngapi kabla. Kontrati nzuri inakupa haki ya kutoka bila kukatwa kitu kama riba imeshushwa, mradi useme ndani ya muda uliowekwa. Kifungu hicho kikiwepo, una njia ya bure ya kutoka, na muda wake huwa mfupi. Ndiyo maana karatasi ya gishe inafaa kupigwa picha siku ileile unayoiona, tarehe ionekane.

La pili: ukishatoa preavisi, makuta yanaendelea kulipwa riba gani wakati wa kungoja? Kuna kontrati zinazoendelea na kiwango kilekile mpaka siku ya mwisho, na kuna zinazoshusha kiasi ulichoomba kwenye kiwango cha akiba ya kawaida tangu siku ya barua. Tofauti hii peke yake inaweza kugeuza uamuzi.

La tatu ni adhabu ya kutoka bila kungoja, kama inaruhusiwa. Mara nyingi ni kupoteza riba ya siku zilezile za preavisi. Angalia kama inakatwa kwenye riba tu au inaweza kula hata mtaji.

La nne ni salio la chini. Ukitoa sehemu na kinachobaki kikashuka chini ya kiasi hicho, kinaweza kuhamishiwa akiba ya kawaida bila wewe kuambiwa uso kwa uso.

Kisha uliza jinsi riba inavyohesabiwa. Mwaka wa siku 360 au 365? Kwa salio la kila siku, au kwa salio dogo kuliko yote ndani ya mwezi? Kwa njia hiyo ya mwisho, anayetoa dola 1,000 tarehe 28 anapoteza riba ya hizo 1,000 kwa mwezi mzima. Angengoja tarehe 1, asingepoteza kitu.

Makato kabla ya riba

Watu wanabishana juu ya 3 kwa mia na 4 kwa mia huku gharama za kutunza akaunti zinakula zaidi ya tofauti hiyo. Chukua mfano huu, tarakimu ni za kufundishia tu. Akaunti inakatwa dola 2 kwa mwezi, na juu yake TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Hiyo ni dola 2.32 kwa mwezi, dola 27.84 kwa mwaka. Mwenye dola 500 kwa riba ya 3 kwa mia anapata dola 15. Anapoteza karibu dola 13 kwa mwaka, na bado anaamini kwamba anaweka akiba.

Ili riba ilipe makato peke yake, gawa makato ya mwaka kwa kiwango: 27.84 ÷ 0.03 = dola 928. Chini ya hapo akaunti inakula, juu ya hapo inaanza kuzaa. Riba ilipokuwa 5 kwa mia mpaka huo ulikuwa karibu dola 557. Kwa hiyo riba ikishuka, mwenye akiba ndogo ndiye anayeguswa kwanza. Akiwa na dola 700 alikuwa upande wa faida. Sasa amevuka upande wa hasara hata kama hajagusa kitu. Huyo hana hesabu ndefu ya kufanya. Atoe preavisi, ahamie buku lisilo na makato ya mwezi, hata kama riba yake ni ndogo.

Uliza pia kama kiwango kilichotangazwa ni kabla au baada ya kodi inayokatwa kwenye riba. Mabanki mawili yanaweza kutangaza tarakimu moja na kukulipa tofauti.

Kubaki, kungoja au kuvunja

Tuseme una dola 3,000. Preavisi ya siku 90 imeshuka mpaka 3 kwa mia. Banki hiyohiyo, au ya jirani, inatoa DAT kwa 4.5 kwa mia. Kosa la kawaida ni kulinganisha 3 na 4.5 na kukimbia. Linganisha muda ulio sawa: siku 90 za kungoja na siku 180 za DAT baada yake, jumla siku 270. Kanuni ni ileile kila mara: mtaji × kiwango × siku ÷ 365.

Ukibaki tu kwa siku zote 270 unapata dola 66.58.

Ukitoa preavisi leo na riba ikaendelea wakati wa kungoja, unapata 22.19 kwa siku 90 za kwanza. Kama DAT bado iko 4.5 siku ya kutoka, unaongeza 66.58 kwa siku 180. Jumla 88.77. Lakini kama riba zinaendelea kushuka na siku hiyo DAT imefika 3.5, sehemu ya pili ni 51.78, jumla 73.97.

Ukivunja leo kwa kulipa adhabu ya riba ya siku 90, unapoteza 22.19, kisha unafunga siku 270 zote kwa 4.5 na kupata 99.86. Kinachobaki ni 77.67.

Sasa tafuta mpaka kati ya kungoja na kuvunja. Kungoja kunakupa 22.19 pamoja na chochote DAT itakacholipa baada ya miezi mitatu. Ili ufikie 77.67 unahitaji 55.48 ndani ya siku 180, na kwa dola 3,000 hiyo ni 3.75 kwa mia. Swali zima linabaki moja: je, baada ya miezi mitatu DAT itakuwa juu au chini ya 3.75? Kama unaona itakuwa juu, toa preavisi na ungoje. Kama unaona riba zinaporomoka kwa haraka, lipa adhabu na ufunge leo.

Angalia pia ukubwa wa kile unachopigania. Kati ya kubaki na njia nzuri kuliko zote kuna dola 22 kwa miezi tisa. Kama kuhama kunadai kufungua akaunti mpya yenye makato yake, picha, fomu na taksi mara tatu hadi mjini, dola hizo zimekwisha. Kwa dola 30,000 ni 220, na hapo inafaa kuamka mapema.

Franka na dola haziendi pamoja

Tangazo la Banki Kuu ya Congo likisomwa redioni, wengi wanadhani akiba yao ya dola itafuata. Kiwango elekezi cha Banki Kuu kinahusu franka. Kilipandishwa mpaka asilimia 25 mwezi wa Agosti 2023, kikakaa hapo zaidi ya miaka miwili, kisha Oktoba 2025 kikashushwa mpaka 17.5. Mwenye akiba ya dola kwenye Avenue Mama Yemo hakuona ongezeko la namna hiyo 2023. Riba ya dola inategemea vitu viwili vingine: bei ya kukopa dola duniani, inayoongozwa na banki kuu ya Marekani (kutoka kati ya 5.25 na 5.50 kwa mia katikati ya 2024 mpaka kati ya 3.50 na 3.75 mwisho wa 2025), na njaa ya dola ya banki yako yenyewe. Banki inayotafuta dola za kukopesha wafanyabiashara itakulipa vizuri hata kama Washington inashusha.

Kwa mwenye akiba ya franka, riba ni nusu ya habari. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwaka ulipoisha ilikuwa imevuka 2,600. Riba gani ya akiba ingefidia hilo? Halafu Septemba na Oktoba 2025 mambo yakageuka: dola iliyokuwa juu ya 2,800 ikaanguka chini ya 2,500 katika wiki chache, na aliyekuwa amekimbilia dola mwezi wa nane alijikuta ana franka chache za kununulia unga. Anayekuambia anajua franka itaelekea wapi anakuuzia kitu.

Usibahatishe, tafuta kiwango cha usawa. Tuseme dola ni franka 2,300, akiba ya franka inalipa 12 kwa mia kwa mwaka, ya dola 4 kwa mia, na unafikiria miezi sita. Franka 2,300 zitakuwa 2,438. Dola 1 itakuwa 1.02. Gawa: 2,438 ÷ 1.02 = 2,390. Kama baada ya miezi sita dola itauzwa zaidi ya 2,390, ungekuwa bora na dola. Chini ya hapo, franka imeshinda. Yaani riba yote ile nzuri ya franka inakulinda dhidi ya kupanda kwa franka 90 tu kwenye dola moja. Ukiongeza tofauti ya kununua na kuuza kwa kambisti, mbadilisha pesa wa mtaani, labda franka 20 kila upande, kinga inapungua karibu nusu.

Ndiyo maana tunashauri uanze na matumizi kabla ya riba. Kodi ya nyumba na garanti yake mjini hapa vinadaiwa kwa dola, na mzigo wa mpakani Kasumbalesa pia mara nyingi. Akiba ya vitu hivyo ikae dola hata kama riba yake ni ndogo. Mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani, usafiri na matumizi ya sokoni ni franka. Akiba ya matumizi hayo ikikaa franka haikupi usingizi mbaya, na hapo riba kubwa ya franka ina kazi ya maana.

Kutoa preavisi bila kujikwaa

Preavisi ya mdomo haipo. Unaweza kumwambia dada wa gishe, akaitikia vizuri, na baada ya miezi mitatu ukakuta hakuna kilichoandikwa. Kesi za namna hii zipo. Andika barua kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya faili za banki: jina kama lilivyo kwenye akaunti, namba ya akaunti, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sarafu, tarehe unayotaka makuta yatoke, na namba ya akaunti yatakakohamia. Piga nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inapigwa mhuri wa kupokea wenye tarehe na kurudi nawe. Mhuri usio na tarehe hauna maana, kwa hiyo usiondoke na "nitakupigia, papa".

Sahihi ifanane na ile ya siku ya kufungua akaunti. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalorudisha barua nyingi: mtu amebadilisha sahihi kwa miaka, banki inakaa kimya na barua mezani, na siku hazianzi kuhesabiwa. Kama kadi uliyofungulia akaunti imepotea au imebadilishwa, sasisha faili kwanza, kisha uweke preavisi. Akaunti ya watu wawili inadai sahihi mbili isipokuwa kontrati inasema mmoja anatosha.

Hesabu siku kurudi nyuma kutoka siku ya matumizi. Minervali, yaani karo ya shule, ya tarehe 1 Septemba kwa preavisi ya siku 90 inadai barua iwe imepokelewa tarehe 3 Juni. Usiiache ifike hapo: banki nyingine zinaanza kuhesabu siku ya kazi inayofuata, na siku ya kutoka ikiangukia Jumapili unasukumwa Jumatatu. Wiki ya mwisho ya Mei ni salama. Mzazi anayekumbuka preavisi mwezi wa saba atakopa kwa riba kubwa mara kadhaa kuliko ile aliyolipwa mwaka mzima.

Wiki moja kabla ya tarehe, pita ajansi uhakikishe, na kama ni kiasi kikubwa cha taslimu waambie mapema waandae. Na uliza swali hili: nisipokuja siku hiyo, makuta yanakwenda wapi? Kwenye kontrati nyingine preavisi inakufa na unaanza upya siku 90. Kwenye nyingine yanahamia akaunti ya kawaida isiyolipa kitu, na yanaweza kukaa huko miezi bila mtu kugundua.

Preavisi ya kuzunguka

Kwa mwenye kiasi cha kutosha kuna ufundi unaopunguza lile pengo la mwanzoni. Gawa akiba mafungu matatu. Dola 3,000 ziwe 1,000 mara tatu. Mwezi wa kwanza toa preavisi ya fungu moja, mwezi wa pili la pili, mwezi wa tatu la tatu. Kuanzia mwezi wa nne kila mwezi kuna 1,000 inayofunguka. Huihitaji? Irudishe na utoe preavisi nyingine. Riba ikishushwa, huna tena siku 90 za kungoja zote: theluthi moja inatoka ndani ya mwezi, ya pili mwezi unaofuata.

Njia hii inafanya kazi tu kama riba inaendelea wakati wa preavisi na kama kurudisha makuta hakukatwi komisheni. Ndiyo sababu tulisisitiza kifungu cha pili pale juu. Kama kontrati yako inashusha riba tangu siku ya barua, usizunguke. Utakuwa umejinyima riba nzuri mwaka mzima kwa mkono wako mwenyewe.

Hata hivyo, preavisi si mahali pa makuta ya ugonjwa na msiba. Weka kwanza matumizi ya nyumba ya miezi mitatu mahali pa kutoka siku hiyohiyo. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu walilijua hili kwa uchungu: ajansi za banki zilifungwa mwanzoni mwa 2025, na mwenye salio kubwa kwenye karatasi alilala njaa sawa na asiye na kitu. Likelemba ya mtaani, ile ya kuchangiana na kupokea kwa zamu, haina riba, lakini ina zamu inayojulikana, na kwa sehemu ya akiba hilo linatosha.

Riba zikipanda

Hapa preavisi ina faida yake, kwa kuwa kiwango kinaweza kupanda bila wewe kuhama. Tatizo ni kwamba banki hushusha haraka na kupandisha polepole. Mara nyingi mteja mpya anapewa kiwango kipya huku wa zamani anaachwa kwenye cha zamani mpaka aombe. Basi omba. Riba ya DAT mjini hapa inajadiliwa kulingana na kiasi na muda, na meneja wa ajansi ana nafasi ya kusogea. Nenda na ofa ya banki nyingine iliyoandikwa, na barua ya preavisi iliyokwisha kusainiwa mfukoni.

Ukifunga DAT wakati huo, chagua muda mfupi, miezi mitatu au sita, ili usikwame chini wakati wenzako wanapanda. Na angalia kifungu cha kujirudia chenyewe: DAT nyingi zikiisha bila neno lako zinafungwa tena kwa muda uleule, kwa kiwango cha siku hiyo. Weka alarmu ya simu siku kumi kabla.

Siku ya kutoa taslimu, hesabia noti hapohapo kwenye gishe. Noti ya dola yenye mchaniko wa milimita mbili pembeni itakataliwa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, hata kama imetoka banki dakika tano zilizopita, na ukishavuka mlango hakuna atakayekubali kuibadilisha. Wakikuambia dola zimekwisha na kukupa franka, uliza kwanza kwa kiwango gani. Tofauti ya franka 40 kwa dola kwenye dola 3,000 ni franka 120,000. Ikiwa dola ni 2,300, hizo ni kama dola 52, yaani karibu riba yote ya miezi saba kwa 3 kwa mia.